Leo nimeshika usukani wa baba mkwe

Ijumaa. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika na mpaka sasa haijaona haya. Ukungu umeshuka hadi kwenye paa la jirani. Nina tope magotini, grisi kwenye kucha, na hasira niliyokula nayo chakula cha jioni.

Naandika hapa kwa sababu humu ndani hakuna wa kumwambia. Mume wangu, Gwamaka, amechemsha chai, ameniwekea mezani, kisha akaondoka taratibu kwenda kuangalia kuku ambao wameshalala. Mwanaume akikuwekea chai bila kuombwa, ujue ana hatia yake.

Nianze na gari.

Gari ni la baba mkwe wangu, kule Kyimo. Jina lake silitaji, hata hapa ambapo najua hasomi. Nimeolewa miaka kumi na minne sasa, sijawahi kulitamka, sijawahi kumtazama usoni, sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Wasiotoka huku hunicheka nikiwaeleza. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Akija kwa njia hii, wewe unashika ile. Akiingia uani, unatokea nyuma ya jiko. Ukiwa na neno naye, unampa mtu mwingine akufikishie. Vijana wengi wa mjini wameshaachana na mambo hayo, wakwe zao wanapungiana nao mikono barabarani na dunia haijapasuka. Baba mkwe wangu hajaachana na kitu chochote maishani mwake, likiwemo hilo gari.

Ni pikapu ya buluu iliyonizidi umri. Aliinunua ikiwa kuukuu kutoka shamba la chai alikokuwa akifanya kazi, na ina usukani mwembamba, mpana kama ungo. Wageni wenye kamera humsimamisha njiani wapige nayo picha. Hushuka, huweka kofia sawa, husimama kando ya mlango na kutazama mbele kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuliendesha. Hata wanawe, wanaume wazima wenye leseni na vipara, huishia kuliosha.

Na mimi ni fundi magari. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kazi nilifundishwa na baba yangu mzazi, Mbeya mjini, nikiwa bado na sare ya shule. Sasa nina gereji yangu Bulyaga, hapa Tukuyu: paa la mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na wateja wanaokuja wakiuliza fundi yuko wapi huku wananitazama. Mwaka nilioolewa, mama mkwe aliniletea ujumbe kutoka kwa mzee. Eti amesikia mke wa mwanawe analala chini ya magari ya wanaume, na jambo hilo halijawahi kuonekana katika ukoo. Nikamrudishia kwamba nikiwa kule chini naona boksi la gia tu, wanaume sijawaona. Sijui kama mama aliufikisha. Tangu siku hiyo mimi na mzee tumechukiana kwa heshima kubwa sana.

Jumapili iliyopita binti yangu Bupe, ana miaka kumi na miwili, alirudi kutoka kwa babu yake akicheka. Akaniambia usukani wa babu unanyanyuka. Akitaka kukata kona anaukandamiza kwanza kwa viganja viwili, kama mtu anayekanda unga, ndipo gari linakubali.

Sikucheka.

Kwa asiyejua: usukani wa gari kama lile umevishwa juu ya chuma kirefu tunachokiita shafti. Kichwa cha shafti kina meno, na tundu la katikati ya usukani lina meno pia. Meno hayo yanaumana, kisha nati moja kubwa inakandamiza kwa juu. Ni nati moja tu, hakuna ya akiba. Ikiachia, wewe utazungusha usukani mpaka uchoke, na magurudumu yataendelea kwenda yalikokuwa yanakwenda.

Na kesho ni kipaimara cha Bupe, kanisani Igogwe. Wajukuu wote wa ukoo huu wamepelekwa kipaimara na pikapu ya babu. Ndiyo sifa yake, ndiyo sadaka yake, sijui aite nini. Bupe atakaa mbele, katikati ya babu na bibi yake, na gauni jeupe, kwenye barabara ya tope inayoshuka na kupinda, migomba upande mmoja na bonde upande mwingine.

Jumatatu nikamwambia Gwamaka. Gwamaka, huyu mume wangu niliyempenda mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, akasema baba ameliendesha gari lile kabla sisi hatujazaliwa. Kana kwamba nati inajua historia. Nikamwambia ampigie. Akampigia kaka yake mkubwa. Kaka mkubwa akampigia mama. Mama akamweleza mzee. Ujumbe wangu ulipotoka Bulyaga ulikuwa: usukani umelegea, usipande na mtoto kabla haujakazwa. Ulipofika Kyimo ulikuwa: mkwe anasema gari lako ni bovu.

Jibu lilirudi kwa njia ile ile, siku ya pili yake. Mkwe aambiwe atengeneze bodaboda.

Basi nikamgeukia Ambokile. Huyu ni mdogo wa Gwamaka, anakaa pale pale Kyimo kwa wazazi, na anajiita fundi kwa sababu aliwahi kubadilisha tairi la trekta. Nikampigia mwenyewe. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, shemeji, usukani ulishashughulikiwa, tumeweka bati.

Bati!

Yaani mtu ana meno ya chuma yaliyochoka, anakata vipande vya kopo, anavichomeka katikati yashikane. Kwa siku mbili tatu usukani unakuwa mgumu, unajisifu. Kumbe bati limeuzuia usukani kushuka mpaka chini unapotakiwa kukaa, nati imekamata bati badala ya kukamata chuma, na bati linasagika kidogo kidogo kila kona. Hiyo si dawa. Ni kumfunga mgonjwa bendeji usoni ili asionekane anaumwa.

Niliandika kwenye kundi la familia kwenye simu. Niliandika mambo mengi, kwa herufi kubwa. Nilimwita Ambokile muuaji mwenye koleo. Nikasema mtu wa kwanza kuzikwa kwa uzembe wake nitamdai yeye sanda. Shangazi mmoja akajibu kwa picha ya maua na mstari wa zaburi. Ambokile hakujibu chochote. Nikaona kimya chake ni ushahidi tosha.

Leo mchana mama mkwe akanipigia. Huyu mama ni mdogo wa umbo, anaongea kwa kunong'ona hata akiwa peke yake shambani. Akasema: "Mama Bupe, musee anaenda kikao cha wakulima wa chai. Gali linabaki hapa. Njoo upesi, mwanangu, na mimi naogopa."

Kumbe na yeye anaogopa. Miaka yote amekaa kiti cha pembeni, akishika mlango, na hajawahi kusema.

Nikachukua spana. Nati ya gari lile haifunguki kwa spana za siku hizi, vipimo vyake ni vya zamani, vya inchi. Spana ya boksi inayoiingia ninayo mimi, nimerithi kwa baba yangu, na kwa ninavyojua hapa Tukuyu hakuna mwingine mwenye nayo. Nikachukua pia kopo la nati kuukuu, brashi ya waya, petroli kidogo kwenye chupa, kipande cha bomba, chaki. Vyote kwenye kikapu cha ndizi, juu nikafunika kanga, nikapanda bodaboda kwenye mvua. Ukiniona ungesema napeleka chakula kwa wakwe.

Pikapu ilikuwa uani, chini ya turubai. Nilipofungua mlango nikasimama. Niseme ukweli, mimi ninayejifanya jeuri, nilisimama. Kile ni kiti chake. Amekikalia mpaka kimechukua umbo lake. Kukikalia ni sawa na kukalia kitanda chake. Mama mkwe aliniona, akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya kiti, akailainisha kwa kiganja mara mbili. Kisha akasema hapo nitakuwa nimekalia kanga ya mama yangu, sijakalia kitu cha mtu. Nikapanda.

Usukani ulikuwa mbaya kuliko nilivyofikiria. Niliukamata kwa juu nikautikisa, ukacheza kama jino la mtoto. Nikang'oa kifuniko cha honi. Nati ilikuwa imepigwa tindo na nyundo mpaka pembe zake zimeviringika, kwa kukosa spana. Niliiweka ile spana ya boksi juu yake, nikaizungusha robo tu, na iliyobaki nikaifungua kwa vidole. Kwa vidole! Nati ambayo kesho ingebeba watu watatu kwenda Igogwe.

Nikachora alama ya chaki ili nijue usukani ulivyokuwa umekaa. Kwa kawaida kuung'oa usukani wa zamani ni kazi ya kutokwa jasho, unaupiga magoti kwa chini, unaugongea, unaubembeleza. Huu nilipouvuta ulitoka kama kabichi shambani. Nikabaki nao mapajani, mlingoti wa shafti umesimama mbele yangu uchi, na vipande vitatu vya bati vikaanguka miguuni. Vimesagika pembezoni mpaka vinang'aa.

Nilimtukana Ambokile kwa sauti. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya dirisha na mwavuli, analinda njia ya barabarani. Akasema taratibu: "Acha, mwanangu."

Habari njema ilikuwa moja. Nilipousugua ule mlingoti kwa petroli na brashi, meno yake yalikuwa mazima. Ya usukani yalikuwa yamekwisha kwa juu tu, huko bati lilikokuwa. Ya chini yalikuwa mazima kabisa, kwa sababu tangu bati liingie usukani haukuruhusiwa kushuka ukayafikia. Hakukuwa na ugonjwa mkubwa hata kidogo. Ilitakiwa mtu atoe takataka, asafishe, ashushe usukani mahali pake, akaze. Nusu saa ya kazi. Nilikaa pale na hasira zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Nikaushusha usukani kwa kufuata chaki. Ulishuka, ukaendelea kushuka, ukagota. Ule mgoto niliusikia mpaka kwenye viwiko. Nikaweka washa ya springi, ile pete inayozuia nati isilegee, nikachagua nati nzima kwenye kopo la baba, nikaianzisha kwa vidole. Sasa ilibaki kukaza, na kukaza kwenyewe kunataka watu wawili: mmoja ashike usukani usizunguke, mwingine avute spana kwa bomba. Nikamwita mama. Akaweka mwavuli chini, akaushika kupitia dirishani. Mikono yake ina baridi yabisi, maskini. Nilipovuta kidogo tu, usukani ukamponyoka. Tukajaribu tena, ukamponyoka tena.

Tulikuwa tunajaribu mara ya tatu alipogeuka na kusema: "Mwe! Anakuja!"

Alikuja kwa nyuma, kupitia migomba, kwa miguu. Mvua ilikuwa imevunja kikao. Mama alikuwa analinda barabara, naye mzee akapita shambani kama mtu anayerudi kwake, maana ni kwake.

Hapa ndipo ninapojichukia. Kabla akili haijaamua, mguu wangu wa kulia ulishakuwa chini kwenye tope. Miaka kumi na minne imeufundisha. Nilikuwa nimeshainama, nimeshavuta kanga kichwani, natafuta nyuma ya jiko kwa macho. Fundi mwenye gereji, ninakimbia kama kuku aliyekutwa kwenye mahindi.

Halafu nikakumbuka ile nati. Ilikuwa imeshikwa na vidole tu. Nikikimbia, hatanifuata kuniuliza nilifika wapi. Atarudisha kifuniko cha honi, atatandaza shuka jeupe kwenye kiti kama anavyofanya kila kipaimara, na kesho asubuhi atamweka mwanangu katikati.

Nikarudi ndani. Nikafunga mlango.

Nikajifunika kanga mpaka usoni, nikageuzia kichwa upande wa pili, kwenye kioo cha abiria. Nilimsikia akisimama. Nilisikia maji yakimdondoka kwenye kofia. Kisha sauti, nyuma yangu, hatua chache tu. Sauti ambayo siku zote nimeisikia nikiwa nyuma ya ukuta.

"Mwambie aliyekaa kwenye kiti changu ashuke."

Mama mkwe akaniambia kwamba nishuke. Kana kwamba sikusikia.

Nikasema: "Mama, mwambie mwenye gari nati haijakazwa. Nikishuka sasa, usukani utamtoka mkononi."

Mama akamwambia.

"Mwambie gali hili nimeliendesha bila yeye."

"Mwambie akitaka kufa, afe peke yake. Mwanangu hafi naye."

Niliyasema hayo. Nayaandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema vizuri kidogo. Mama mkwe akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona: "Hilo mimi sisemi." Lakini hakukuwa na haja ya kulisema. Kati yangu na mzee kulikuwa na mlango wa bati na nafasi ya mkono.

Mvua ikapiga paa la pikapu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilikuwa nangoja afungue mlango anivute nje, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akinigusa nitapiga kelele mpaka Tukuyu wasikie.

Badala yake mikono miwili ikaingia dirishani na kuushika usukani.

Nikaiona kwa pembe ya jicho, mikono tu, kwa sababu kanga ilikuwa imekata kila kitu kingine. Najua huko aliko kichwa alikuwa amekigeuza, anatazama migomba. Mikono mikubwa, mikavu, imeushika usukani kushoto na kulia mpaka ukawa haujui kutikisika. Nikaweka boksi, nikaweka bomba, nikavuta. Nikavuta tena. Nati ikalia ile sauti inayoitwa na mafundi asante. Nikavuta mara ya mwisho kwa uzito wangu wote, mguu kwenye dashibodi, na ile mikono haikusogea hata kidogo.

Na kwenye vidole vya mkono wa kulia nikaona makovu. Matatu madogo, membamba, yamenyooka. Mawili yamepona. Moja bado ni kidonda chenye damu nyeusi.

Mimi nakata mabati kila siku. Makovu yale nayajua, ninayo.

Nikasema: "Mama, muulize mwenye gari, bati lilikatwa na nani?"

Mzee hakungoja aulizwe. "Mwambie nilikata mimi. Ambokile hajui kukata hata kucha zake."

Kwa hiyo Ambokile alikuwa anamfichia baba yake. Alisema tumeweka bati, na mimi kwa werevu wangu sikulisikia hilo "tu". Akakaa kimya akitukanwa mbele ya ukoo mzima, mashangazi na zaburi zao.

Nikasema, na sauti ilikuwa imenipanda: "Muulize kwa nini hakupeleka gari kwa fundi. Mafundi wamejaa Tukuyu nzima."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

"Mwambie nilipeleka. Fundi wa kwanza akaniambia, mzee, spana ya nati hii iko kwa mkweo. Wa pili akaniambia hivyo hivyo, akacheka. Sasa ningekwenda kwake? Ningesimama wapi? Na yeye angesimama wapi, mbele ya wateja wake? Angekimbia kwenye kazi yake mwenyewe kwa sababu mimi nimefika?"

Mama mkwe alianza kunirudia maneno hayo, akafika katikati, akaacha.

Mzee akaitoa mikono. Nikasikia hatua zake zikienda barazani. Nikarudisha kifuniko cha honi, nikazungusha usukani kushoto, kulia. Magurudumu yakageuka papo hapo kwenye tope. Nikashuka upande wa pili, nikaikunja kanga ya mama, nikampa. Akaishika akasema: "Ndaga." Ahsante, kwa lugha ya kwao.

Nikiwa naondoka akanikimbilia hadi njiani na ujumbe wa mwisho. Mzee amesema siku ya soko, kila Alhamisi, ataliacha gari Bulyaga karibu na gereji, ufunguo juu ya tairi la mbele, naye atakwenda kunywa chai mbali. Gari lisilo na mtu ndani halina mkwe, amesema. Nilitazame.

Watu wengine hapa wangeandika kwamba walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira njia nzima ya kurudi na ninayo bado. Angeweza kumpa Ambokile aniletee hilo gari siku ya kwanza. Hakumpa, kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kulishika. Kwa hiyo asiniambie ni heshima tupu. Kuna kiburi humo, vimechanganyika kama majani na maziwa, huwezi kuvitenganisha tena. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kwamba anaweza kuumbuliwa akiwa amempakia mjukuu wa watu.

Lakini sentensi ile haitoki. Angekimbia kwenye kazi yake mwenyewe kwa sababu mimi nimefika. Amesema kazi yake. Miaka kumi na minne naamini kwamba anaiona ni aibu ya ukoo.

Sasa niandike lile ambalo hata Gwamaka hajui.

Usukani ule sikuambiwa na Bupe. Yaani niliambiwa, ndiyo, lakini nilikuwa najua. Zaidi ya mwezi umepita. Nilikuwa kwenye kona ya soko, pikapu ya buluu ikaja. Kama inavyotakiwa, nikajificha nyuma ya lori la viazi. Na kutoka pale nyuma nikaona mikono yake inazunguka na gari halizunguki, kisha likazunguka ghafla, karibu limpitie mama wa parachichi. Fundi yeyote angejua. Nilijua palepale ni nati, nilijua na spana iko kwa nani.

Na nilifurahi.

Nilisema moyoni: utakuja tu, mzee. Kwa miguu yako utakuja Bulyaga, utasimama mbele ya shimo langu uombe. Nikarudi gerejini nikasubiri. Kila pikapu iliyopiga honi nilichungulia. Kumbe naye alikuwa kule Kyimo na mkasi wa bati, anajikata vidole ili asinisumbue, au ili asiniombe, sijui lipi. Na mimi nilikuwa ninangoja kwa raha zangu. Mwezi mzima mama mkwe amekaa kwenye kile kiti cha pembeni, ameshika mlango.

Nimemwita Ambokile muuaji kwa herufi kubwa.

Kesho asubuhi, kabla ya gauni jeupe na nywele za Bupe, nitaandika kwenye kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, kwamba nilimkosea. Itaniuma kuliko kung'olewa jino. Halafu nitapanda nyuma ya pikapu na wajukuu wengine, nimeupa mgongo upande wa dereva kama inavyotakiwa, nikisikiliza kila kona mpaka Igogwe.

Usukani hautacheza. Hilo nina uhakika nalo.

Nisilo na uhakika nalo ni hili, na nimelifuta mara tatu kabla ya kuliacha. Kama kesho angekuwa anashuka mteremko ule peke yake, bila Bupe katikati, leo ningekwenda Kyimo?